Mshono wa Bawa

Fundi cherehani wa mtaa wa Ngokolo, Shinyanga, alikuwa na mazoea ya kulamba uzi kabla ya kuutunga, na ya kuuvuta kila mshono kwa kucha ya kidole gumba, hata nguo ikiwa ya mteja mwenye haraka. Mwaka 1943, ndege ya kufundishia marubani wa vita, ya kwanza na pekee ya aina yake, iliyoletwa kujaribiwa kwenye joto, ilitua Shinyanga ikapitiliza hadi kwenye miiba. Bawa lake la kitambaa likachanika, fundi akaitwa. Alishona asubuhi nzima akiimba Kisukuma chake taratibu.

Alipokata uzi, rubani akamuuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mama, mshono utashika?"

Swali hilo lilimchoma. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

"Kiti kile cha nyuma cha nani?"

"Cha mwanafunzi."

Akajifunga khanga kiunoni, akapanda. "Twende tukaone."

Wakazunguka uwanja mara tatu, ndege ikipanda na kushuka, macho ya fundi hayabanduki kwenye bawa. Aliposhuka, shingo ilikuwa imenyooka.

"Mshono umeshika," alimwambia rubani. "Ila wewe, baba, unaendesha kama mlevi."