Siku Niliyomwibia Mama Samaki

Kifaa chetu cha kupima mto hapa Itebero kilikuwa cha bei ndogo: kisanduku cha plastiki juu ya nguzo, kibao cha jua, na redio ndogo iliyotuma kina cha maji kwenye simu yangu. Fundi aliyekifunga alisema vya namna hiyo huwekwa pwani kupima bahari. Sisi bahari tunaijua kwa Biblia tu. Aliipanga simu ipige kelele maji yakipanda, maana nani aliwahi kuuawa na maji yanayoshuka?

Asubuhi moja radi zilikuwa zikinguruma milimani tangu alfajiri, nami nilikuwa nyumbani natazama simu, nangoja namba zipande. Zikashuka. Nikadhani kifaa kimeharibika. Nikateremka mtoni, nikakuta mawe nisiyowahi kuyaona yamejitokeza katikati, na mama yangu na wenzake wameinama kati yake, wanaokota samaki huku wakicheka.

"Mama, tokeni mu mai!"

"Acha makelele. Bamama ya kule juu njo wamefunga mutoni."

Ndivyo wanawake wetu wanavyovua: huziba kijito kwa udongo na majani ya migomba, kisha huyateka maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki wakirukaruka. Lakini ni kijito, tena kiangazi. Mto mzima, na mvua hii? Miaka yote ya ndoa yangu niliishi Masisi, na huko nimeona mlima ukianguka na kuziba mto. Nikajua kilichoziba huko juu si wanawake, na kwamba maji yote yale yamerundikana yakitafuta njia.

Mama hasikii la mtu akiwa na samaki mkononi. Basi nikaingia, nikamnyang'anya kitunga chake cha samaki, nikapandisha ukingo mbio. Akatoka nyuma yangu na fimbo, akiutukana ukoo wangu, ambao ni wake pia, na wenzake wote wakamfuata ili waone mtu mzima mwenye watoto akichapwa.

Alikuwa ameinua fimbo maji yalipokuja. Yalikuja meusi, yamebeba miti mizima, na pale walipokuwa wameinama hapakuonekana tena. Ndipo simu ikalia mfukoni mwangu, mara moja tu, kisha nguzo ikaenda na maji.

Mama akateremsha fimbo, akachukua kitunga mikononi mwangu, akachungulia ndani: kilikuwa kitupu.

"Samaki yote umemwanga," akasema, kisha akaketi kwenye matope akalia.