Kufuli la Maegesho na Kizingiti cha Hekalu

Nilipoliona lile kufuli nilikuwa na Neema mgongoni, chupa ya maji kwapani, na simu ikilia king'ora mkononi. Mlango wa kushukia maegesho ya chini ya jengo letu, hapa Al Mansoura, Doha, ulikuwa umefungwa. Nyuma ya nondo magari yalikuwa yametulia, yamefunikwa maturubai, salama salimini.

Wekesa, msimamizi wa jengo, Mkenya mwenzangu, alisimama pale na funguo kiunoni.

"Madam, amri imetoka juu. Watoto wamekwaruza gari la mtu. Maegesho ni ya wenye magari."

Huyo Wekesa nilikuwa nimemvumilia. Lifti ikiharibika, nanyamaza. Maji yakikatika, nanyamaza. Siku hiyo nilimshika ukosi wa shati, nikamwambia kwa sauti iliyofika ghorofa ya juu: "Wekesa, fungua, ama hizo funguo utazimeza."

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Majuma machache kabla ya siku hiyo, mimi na Neema na jirani yangu Zuhura tulikuwa Uchina, tukizunguka mji mmoja mkongwe. Zuhura ni Mzanzibari. Alikuwa mwokaji mikate hotelini, na mlango wake ulitazamana na wangu. Baba Neema ni muuguzi. Alikosa likizo, akatuambia twendeni tu, mkirudi mtanihadithia.

Katikati ya mji ule pana ziwa, na juu yake daraja la mawe lililopinda mgongo kama paka aliyekasirika. Mierebi imeinamisha matawi mpaka majini. Bustanini wazee wametundika vizimba vya ndege mitini, wanacheza karata huku ndege wakipigiana kelele. Mzee mmoja alikuwa akichovya brashi ndefu kwenye ndoo ya maji na kuandika juu ya mawe ya njia. Kabla hajamaliza mstari, mwanzo wake umeshakauka. Haoni shida, anaandika tena.

"Huyu kazi yake kama yangu," Zuhura akasema. "Unaoka mkate, watu wanakula, kesho huoni alama."

Mvua ikatukuta kando ya ziwa. Hekalu lilikuwa karibu, lakini bibi mmoja mwenye fagio alishaanza kulifunga. Alipomwona Neema amelowa, akausukuma mlango ukafunguka tena, akatuita kwa mkono. Zuhura akasita.

"Mimi niingie hekaluni? Mama nitamwambia nini?"

"Mwambie mvua ilikuwa kubwa," nikamjibu.

Mlangoni palikuwa na kizingiti cha mbao, kirefu hadi gotini kwa Neema. Mtoto akataka kukikanyaga. Yule bibi akamzuia, akainua mguu wake mwenyewe juu sana, akatuonyesha: kinavukwa, hakikanyagwi. Zuhura akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe na huku kizingiti kina heshima yake! Kwetu ukikaa mlangoni, bibi anakupitia na ufagio."

Tulikaa mle mpaka mvua ikakatika. Hatukujua lugha yake, dini yake si yetu, na hakutuuliza sisi ni nani.

Tukarudi Doha. Nguo zikafuliwa, Zuhura akarudi kwenye tanuri zake. Kisha mchana mmoja simu zote za jengo zikalia king'ora kwa pamoja: tahadhari ya makombora, vita vimetufikia.

Sikuwa nimewahi kusikia kombora likitunguliwa hewani. Unalisikia kifuani kwanza, masikio yanafuata. Tukakimbilia chini: Wafilipino, Wanepali, Wasudani, sisi. Mlangoni mwa maegesho pana ukingo wa saruji ulioinuka, wa kuzuia maji ya mvua. Watoto walikuwa wanalia. Zuhura akasimama pale kama yule bibi wa hekalu, mkono kiunoni.

"Inua mguu! Hapa hapakanyagwi! Wewe, juu zaidi, unavuka kwa Mchina!"

Wakaanza kucheka. Ndani akawachorea lile ziwa sakafuni kwa kidole na maji ya chupa: hapa daraja, hapa ndege, hapa mvua. Likikauka anachora tena. Kila king'ora kilipolia tulikwenda ziwani. Siku moja mtoto fulani akachora daraja lake kwa kokoto, ubavuni mwa gari jeupe.

Basi. Kesho yake, kufuli.

Nilikuwa bado nimemshika Wekesa ukosi.

Watu walijaa nyuma yetu, kwenye ukumbi wa kuingilia wenye ukuta wa kioo.

Neema alikuwa mgongoni kwangu. Zuhura alikuwa nyuma ya Neema, kati yake na kioo.

Kishindo.

Kioo chote kikashuka.

Ndipo Wekesa akafungua. Ufunguo aliupata mara moja katika lile rundo. Hilo sijalisahau.

Neema hakupata hata mkwaruzo. Zuhura alipoteza jicho la kushoto. Sasa yuko kwao Unguja. Watu wananiambia tushukuru Mungu, ni jicho tu. Nani kawapa ruhusa ya kusema "tu" kwa jicho la mtu mwingine? Namshukuru Mungu kwa mwanangu, na kila ninapomwogesha nikaona ngozi yake nzima, najua ni nani aliyepigwa badala yake. Sijui hilo linalipwaje.

Wekesa alikuja mlangoni kwangu baadaye. "Dada, nina watoto nyumbani. Ningefukuzwa kazi."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana kwenye malalamiko yangu utaandikwa wa pili. Wa kwanza ni aliyekutuma."

Baba Neema aliogopa. "Sisi ni wageni hapa, Mama Neema. Tutaambiwa tuhame."

"Hata kule hekaluni tulikuwa wageni."

Zuhura naye akanitumia ujumbe wa sauti: "Usiandike kwa kulia, shoga. Andika kama unavyosema na Wekesa."

Nikaandika waraka kwa Kiswahili, Msudani wa ghorofa ya pili akanitafsiria kwa Kiarabu, nikaupeleka mwenyewe kwenye ofisi ya malalamiko ya wapangaji na kusubiri mpaka ukagongwa muhuri:

"Mimi ni mpangaji wa jengo hili. Namlalamikia rasmi mwenye jengo, na msimamizi wake, kwa kufunga kwa kufuli mlango wa maegesho ya chini wakati wa hatari, ili kulinda magari. Kwa sababu ya kufuli hilo jirani yangu Zuhura amepoteza jicho. Siombi radhi kwa sauti niliyotumia siku ile. Sitaki mlango huo ufunguliwe. Nataka ung'olewe, pamoja na bawaba zake. Kizingiti kiacheni. Watoto wanajua kukivuka."