Mikebe Iliyorudi Mitupu

Mjukuu wangu alikwama kwenye kiti. Ilikuwa siku yake ya kwanza shule ya nasari hapa Voi, ana miaka minne, na kile kiti cha plastiki chenye mikono kilimbana nyonga kikakataa kumwachia. Mwalimu akavuta kiti, mimi nikamvuta mtoto. Wenzake wakacheka, mmoja akasema, "Kiti kimemmeza." Mjukuu wangu hakulia. Aliniangalia tu akauliza, "Nyanya, nimalize nini?"

Hilo swali lilinikaa kichwani. Mtoto amebanwa na kiti, anaulizaje habari ya kumaliza?

Zahanati walikuwa wameshaniambia uzito umezidi, nikasema mizani yao mbovu. Nyumbani hali sana, jioni anasukuma sahani. Lakini mchana sikuwa naye. Mama yake yuko Mombasa, mimi nafua mashuka ya loji, kwa hiyo alikuwa akishinda kwa mama mmoja wa mtaani anayelea watoto kumi na mmoja chumba kimoja. Nasari ni asubuhi tu, mchana bado angerudi kwake.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda nikakaa pale na kigoda changu nione. Kila mtoto alikuja na mkebe wa chakula cha kwao: wali, viazi, chapati, kimanga cha muhogo na maharagwe ya kupondwa. Mlango ukafungwa, kwa sababu mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga hataki watoto uani, eti wanachafua nguo zilizoanikwa. Wakakaa mkekani. Saa sita wakalishwa. Huyu vijiko viwili basi, yule akatema. Yule mama akakusanya mabaki akaja nayo kwa wangu.

"Haya, maliza. Nani bingwa wangu?"

Mikebe mitano ikaishia kwake, na wake wa sita.

"Dada," nikamwambia, "hicho chakula si chake."

"Najua si chake. Lakini mkebe ukirudi na chakula, naambiwa nimemshindisha mtoto wa mtu njaa. Wako anakula, hasumbui."

"Si umwage?"

"Nimwage chakula? Na wewe ulikuja hapa kunifokea kwa sababu ya nusu chapati iliyorudi mkebeni. Umesahau?"

Sijasahau. Nilikulia Maungu, na mwaka mmoja wa ukame tulichemshiwa majani. Mdogo wangu hakuyaweza. Mimi nilibaki hai. Mpaka leo nikiona chakula kimebaki mkebeni nafoka kabla ya kufikiri. Shule niliachia darasa la nne, lakini hilo la nusu chapati naelewa ni langu.

Ila silibebi peke yangu. Yule mama alimwona mtoto akivimba kila mwezi akamwita bingwa. Nilimwambia hivyo usoni. Wazazi wenzangu niliwangoja mlangoni jioni, nao wakasema hawakujua. Sasa mikebe inarudi na mabaki na hakuna anayefoka. Wangu anakula wake tu, halafu anakaa. Mlango bado umefungwa.

Mwenye ploti nimemfuata mara tatu. Kila mara ananiambia niongee na mlinzi. Sitaki mlinzi, nakutaka wewe mwenye ploti. Uani kwako kuna kamba tatu za nguo na nafasi ya kugeuza lori. Njoo ukae kwenye kigoda changu kutwa moja, mlango ukiwa umefungwa hivyo hivyo, uniambie mwenyewe: huyu mtoto akimbilie wapi?