Falone wa Adrese Mbili

Bwana yangu Mbusa anachunga kompyuta za biro moja, ofisi ya hapa Mweso. Siku moja nilimusikia kwa simu: "Falone iko na adrese mbili. Moja ikikufa, unamupata kwa ile ingine." Nikawaza ni mwanamuke, wivu ukanishika, nikaenda kule biro kumupiga huyo Falone. Kumbe njo jina la serveri yao, ile kompyuta inayochunga kazi yao yote! Adrese moja inapita kwa antene ya Kitshanga; vita ikiikata, jina linajibu kwa ile ingine, ya satelite.

Lakini tulipokimbia risasi, Mbusa alibeba Falone mugongoni. Mimi nikabeba mutoto na godoro. Tuliporudi nikamuambia: "Ondoa jina lile kwa mashine yako, weka langu, Kaswera." Akaweka.

Juzi nilianguka nyumbani na homa. Jirani akamupigia simu: "Kaswera ameanguka!" Mbusa akatoka sokoni mbio, moja kwa moja mpaka biro.