Panga ya Mama Mwenda

Bado akili yangu imekataa. Leo kwa roll call mwalimu amesoma orodha mpya, ametoka kwa Murithi akaenda moja kwa moja kwa Njeru, na darasa lote likaangalia sakafu. Kati ya hao wawili ndipo jina la Mwenda lilikuwa likisomwa.

Wale mnanifuata hapa mnajua mimi siandikangi. Nikipost ni mawingu ya kwetu Kanja na basi. Lakini hii ikibaki ndani itanimaliza.

Mwenda alikuwa partner wangu wa workshop. Kozi yetu ya mechanical, mnapangwa wawili wawili kwa mashine moja. Alikuwa na asthma tangu utoto. Alienda nyumbani Kanyakine wikendi, kifua kikambana asubuhi wakijitayarisha kuchuma kahawa, na kabla gari lipatikane alikuwa ameshaenda.

Siku ya kwanza nilijitambulisha kwa sauti ya chini, akacheka. "Nyinyi watu wa Embu mnaongea kama mnaomba msamaha."

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikamwambia, "Na nyinyi Wameru mnaomba msamaha kama mnapigana." Tangu hapo tukawa marafiki.

Kuna siku niliacha chuck key kwa lathe, ule ufunguo wa kukazia chuma. Mashine ikianza kuzunguka, huo ufunguo unaruka kama risasi. Kidole changu kilikuwa tayari kwa switch. Mwenda akautoa polepole, akautia kwa mfuko wa apron yangu. "Wawira, ukitaka kuniua, ngoja kwanza nile lunch." Hakumwambia mtu.

Lakini kwa moto ndiko alikuwa na jicho. Sir, mwalimu wetu wa workshop, aliandika kwa ubao "cherry red", rangi ya chuma kikiwa tayari kutoka kwa moto ndio kiwe kigumu, na sisi watoto wa kahawa tukafikiria tu zile cherry za kahawa tunapeleka factory. Karibu wote tukatoa chuma mapema, nyekundu ya kwanza tu. Kikabaki laini, faili ya kusugua chuma ikakikula kama sabuni.

"Si cherry yoyote," Mwenda akasema. "Ni ile imeiva kabisa, ile mama hukwambia usiiache kwa mti mpaka kesho."

Basi tukawa tunafanya hivyo. Mimi nashika koleo, yeye anaangalia, kitambaa chenye maji kimefunga mdomo kwa sababu ya moshi. Akisema "sasa", natumbukiza kwa oil. Sikuwahi kuamua mwenyewe hata mara moja. Nilipenda hivyo.

Alikuwa anamtengenezea mama yake panga kutoka kwa springi ya lori. Aliikata, akaifaili, akatoboa mashimo ya mpini. Ilibaki kuingia moto tu, halafu oil, halafu moto mdogo tena ndio isivunjike kama glasi.

Siku ya mazishi mama yake alinishika mkono mbele ya watu. "Mwari, binti yangu, aliniambia kuna panga yangu. Imefika wapi?"

Nikamwambia nitaimaliza. Mimi, mtu anaogopa hata kuuliza choo iko wapi.

Sir alikubali. Akafunga madirisha ya workshop ndio rangi ionekane vizuri. Nikashika koleo.

Nikaona nyekundu ya kwanza. Nikaona ikiiva. Niliijua. Naapa niliijua, hakuna mtu angenidanganya kwa hiyo rangi. Na nikasimama hapo nikingoja kuambiwa.

Ikapita. Ikawa kama chungwa, ikawa njano, ikaanza kurusha cheche.

Sir akakimbia akazima blower, ile feni ya kupuliza moto. "Wawira, ulikuwa unangoja nini?"

Angalau hakunigombeza. Alisema tu chuma kikiungua hivyo kinaoza mpaka ndani, hata ukikirudisha kwa moto hakiponi.

Jumamosi niliipeleka Kanyakine hivyo hivyo. Ningesema imepotea, lakini singeweza kumdanganya huyo mama. Nikamweleza yote, hata ile sehemu ya kungoja. Akapitisha kidole kwa makali, vipande vikabaki kwa ngozi yake kama mchanga.

Akajipangusa kidole kwa leso. "Kumbe hata wewe bado unamngoja."

Akaiweka nyuma ya jiko, mahali wanaweka vitu vya kutupwa. Akachukua ile panga yake ya zamani, imelika mpaka ni nyembamba kama kisu, akaenda kukatia ng'ombe majani ya napier. Nilitaka kumsaidia. Akasema nirudi shule kabla mvua inyeshe.

Mwenda, mashine yetu imepewa watu wengine. Wananiambia nitapata partner mpya. Unajua vile niko, nimeitikia kwa kichwa tu. Sijaingia workshop tangu siku hiyo, na sidhani nitaingia.

Watu wanasema ati muda utaponya. Mimi sioni.

Lala tu, rafiki yangu. Lala vizuri. Sina kingine cha kukwambia.