Bia ya Ngano Kwenye Jubilei ya Ukweni

Ningeendelea kukaa kimya na aibu hii, lakini kila nikipita Kiberege vijana wa bodaboda wananipungia mkono na kuniita Sifuri, na ninaosafiri nao wanauliza kulikoni, basi nimeona bora niseme mwenyewe. Ikisimuliwa na shemeji yangu Deo inakuwa mbaya zaidi (yeye huongeza kwamba nililia mbele za watu, sikulia, jasho liliniingia machoni).

Mimi naitwa Longino, nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, na nimeoa Kiberege kwa watu wenye asili ya Mahenge, Wakatoliki wa rozari kila jioni, watu wa heshima zao. Mke wangu ni Fortunata. Kwa miaka kumi na moja sifa yangu ukweni ilikuwa moja tu, mkwe mpole. Mama mkwe nilikuwa namsalimia kwa kuchuchumaa, macho chini, shikamoo mama, marahaba baba, basi, sidhani kama tangu nimuoe mwanaye tulikuwa tumeshabadilishana maneno mengine ishirini. Ndivyo wanavyotaka kwao, mkwe hapigi soga na mama mkwe, akiwa na jambo anapitishia kwa mtu mwingine.

Sasa tatizo langu lilikuwa samaki. Kila tukienda, mama mkwe anatuungia kambare wa moshi kwa karanga, na kwa macho na kwa harufu kambare yule hana mpinzani bonde zima, lakini chumvi, jamani, chumvi ile ukitia mdomoni masikio yanasimama. Na mkwe habakishi chakula. Nilikuwa namaliza bakuli zima, nashukuru, nalamba vidole, halafu njia nzima ya kurudi Ifakara nasimamisha pikipiki kununua maji (kuna mwenye duka mmoja njiani alidhani nina ugonjwa wa sukari, akanishauri nikapime). Hata Fortunata sikumwambia, maana mama ni mama, na ukigusa upishi wa mama wa mtu umegusa ukoo mzima.

Mwaka jana mwezi wa saba, mpunga umeshaingia ndani na watu wana nafasi, ikafanyika jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya mama mkwe na baba mkwe, Mzee Kasiani. Misa asubuhi, kisha maturubai uwanjani, kwaya, spika mbili kubwa na mshereheshaji wa kukodi. Deo, mdogo wake Fortunata, ambaye anafanya kazi Ujerumani, alikuja likizo na katoni ya makopo yenye picha ya masuke ya ngano na tunda jekundu ambalo hakuna aliyelijua jina. Akasema ni bia ya ngano yenye ladha ya matunda, watu wa kule wanainywa wakati wa kiangazi. Wazee walishangaa kidogo, kwa sababu kiangazi kwetu ni kipindi cha kuvuna na kuanika mpunga, hawakujua kama kina bia yake.

Kwetu pombe ngeni haiendi kwa wazee kabla mtu hajaionja hadharani na watu wakamtazama usoni. Mzee Kasiani akageuza kiti, akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapishi.

"Mkwe, wewe ulikaa hotelini Morogoro. Njoo utuonjee hii ya Wazungu."

Ni kweli nilikaa hotelini Morogoro, miezi mitatu, nafua mashuka. Hilo la mashuka sikuwahi kulitaja ukweni, na wao hawakuwahi kuuliza, kwa hiyo sioni kama nilidanganya. Nikasimama, nikavuta suruali juu, nikaenda mbele. Deo akanifungulia kopo, akaniinamia sikioni.

"Shemeji, kabla hujaonja ngoja nikueleze kidogo, hii bia ni ile..."

"Deo," nikamkata huku nawatabasamia wazee, "usinifundishe bwana. Hii naijua."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningefunga mdomo sekunde tano tu, leo ningekuwa bado Longino kwa watu wote.

Nikamimina kwenye glasi. Ikatoka nzito, ina ukungu, rangi ya maji ya mto wakati wa masika. Sasa sisi tumekulia kwenye komoni, ile pombe ya mahindi ya kwenye ndoo, na kila mtu wa bonde anajua kwamba ikiwa nzito ndiyo yenye nguvu, ikiwa nyepesi ujue mama muuzaji kaiongeza maji. Nikainua glasi juani wote waione, nikanywa funda moja, nikafumba macho kama nilivyoona wageni wa hotelini wakifanya. Ilikuwa na uchachu wa ukwaju, halafu utamu, halafu kwa mbali harufu ya mkate uliotoka kwenye moto. Haikuniwasha koo hata kidogo, ikateleza yenyewe. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Hizi ndizo hatari," nikatangaza. "Mnaona ulivyo mzito ukungu huu? Haina kelele, inapanda taratibu. Wazee wenye presha wasiguse."

Mzee Kasiani ana presha. Akarudisha mkono uliokuwa umeshanyooka, wazee wengine nao wakarudisha ya kwao, na nikamwona Deo amefungua mdomo akaufunga tena, kwa sababu mkwe mkubwa alishatoa hukumu na yeye ni mdogo. Katoni ikabaki miguuni kwangu. Ningeiacha ionekane nimeogopa? Nikanywa kopo la kwanza, la pili, la tatu, jua linawaka kwenye turubai, tumboni sina kitu tangu saa kumi alfajiri tulipoondoka Ifakara, na kopo la tatu nikaanza kusikia masikio yana moto. La nne miguu ikawa myepesi. Nawaambia ukweli, nililewa. Nilitazama spika mbili nikaona kama zinakaribiana.

Ndipo mshereheshaji akasema sasa tusikie neno kutoka kwa wakwe, na mtu akanikabidhi kipaza sauti.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu uvumilivu katika ndoa. Yapo mpaka leo kwenye karatasi, sikuyasema hata moja. Nilianza kwa kuwashukuru wazazi kwa kunipa mke, watu wakapiga makofi, na makofi yale yakanipa moyo, na moyo ule ukanipeleka nilikokuwa sijawahi kwenda.

"Mama," nikasema, na nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, "mama nakupenda sana, lakini leo niseme. Samaki wako wana chumvi! Miaka kumi na moja mama, nakula nalia kwa ndani! Nikitoka hapa nakunywa maji mpaka Ifakara!"

Kwaya iliyokuwa inajiandaa ikasimama hivyo hivyo. Hapo mtu mwingine angekaa chini. Mimi nikaona niweke mambo sawa, nikamwendea mama mkwe, nikamshika mkono (mkono, jamani, wa mama mkwe!), nikamwinua nicheze naye, nikazunguka mara mbili bila muziki wowote, na mara ya tatu nikakaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo. Wajomba wawili wakanibeba wakanilaza kwenye stoo, juu ya magunia ya mpunga, na nikalala usingizi mzito kabisa mpaka kesho yake kulipokucha.

Nilipofungua macho Fortunata alikuwa amekaa mlangoni, kanga kaifunga kifuani, ananitazama kama anavyotazama mzani wa mtu asiyemwamini.

"Ashukuriwe Mungu ulikuwa umelewa," akasema. "Ingekuwa yale uliyasema na akili zako, mimi kwenye pikipiki yako nisingepanda leo."

Na hakuwa anatania. Ukweni kwangu neno la mlevi halina kesi, asubuhi unakwenda, unapiga magoti, unasema ilikuwa pombe, unapewa uji, yameisha. Lakini mtu mzima mwenye akili timamu akimvunjia heshima mama mkwe hadharani, kunaitishwa kikao cha ukoo, na mke anabaki kwao mpaka mambo yatengenezwe, na nawajua watu ambao mambo yao yalitengenezwa kwa miezi minane. Kwa hiyo moyoni nilikuwa naishukuru ile bia. Nikanawa uso, nikaenda sebuleni, wote wamekaa, Mzee Kasiani kwenye kiti chake, mama mkwe kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, Deo kando na begi lake. Nikapiga magoti.

"Shikamooni wazazi wangu. Jana haikuwa mimi. Ilikuwa pombe."

Mzee Kasiani akakohoa, akapangusa uso kwa kiganja, na nikaona kabisa ameshalegea.

"Marahaba. Pombe ni pombe, mkwe. Hata wewe mwenyewe ulitukataza kwamba ni kali. Haya, mleteeni uji."

Deo akasema, "Baba, samahani."

Nilimtazama Deo kwa macho ya kumwomba anyamaze, ingawa nilikuwa sijui anataka kusema nini. Akatoa kopo moja kwenye begi, akampa baba yake, akaweka kidole mahali palipoandikwa sifuri, nukta, sifuri.

"Ile bia haina kilevi hata tone. Nilikununulia wewe baba, kwa sababu daktari alikukataza pombe. Nilitaka kumwambia shemeji, akasema anaijua."

Mzee Kasiani akalisogeza kopo mbali, akalileta karibu, akavaa miwani, akasoma ile sifuri, akanitazama. Kisha akalifungua, akaonja, akanywa nusu yake, na jinsi alivyonitazama tena juu ya kopo nikajua analipigia hesabu lile turubai lote na joto lile lote na yeye amekaa na maji ya bomba kwa amri yangu.

"Kwa hiyo jana," akasema taratibu, "ulikuwa mzima."

"Baba, nilijisikia nimelewa. Naapa."

"Ulikuwa mzima."

Fortunata akashika kichwa. Mimi nilipiga hesabu ya miezi minane, nani atawapikia watoto, nitamwambia nini mama yangu, na nikasema tu liwalo na liwe, sina tena mahali pa kujificha. "Nilikuwa mzima, baba. Nimemkosea mama, nisameheni. Lakini chumvi ni kweli."

Hapo mama mkwe akanyanyua mkono kumzuia mumewe, akageuka akanitazama mimi mwenyewe, moja kwa moja.

"Longino. Siku ya kwanza ulipokula hapa, mshenga wako alikuja jikoni akaniambia mkwe amefurahi, ila anaomba chumvi iongezwe. Sasa mimi nifanyeje, mkwe ndiye ameomba."

Na nikakumbuka. Mshenga aliniuliza chakula kikoje, na mimi nikaona nikisema kizuri tu nitaonekana mtu asiyejua chakula, basi nikasema, nadhani kwa kukunja uso kama fundi, labda chumvi kidogo.

"Mama!" Fortunata akaruka. "Mimi nilidhani macho yako yanapungua, huoni unachotia!"

"Siku akija huyu," Mzee Kasiani akasema, "mimi huwa nashinda kwenye mtungi wa maji. Nilikuwa nanyamaza kwa heshima ya mkwe."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani alikuwa mama mkwe, maana alijifunika uso kwa kanga na mabega yakawa yanaruka, halafu ikawa kila mtu, Deo akagaagaa mkekani, na mimi nimepiga magoti pale pale sina pa kuweka mikono. Kikao hakikuitishwa. Lakini mama mkwe alipojifuta machozi akatoa hukumu yake, kwamba leo kambare ataungwa na mkwe mwenyewe, jikoni kwake, na wote watakula.

Nikaingia jikoni kwa mama mkwe, mwanaume mwenye mashine ya kukoboa, nikapepeta karanga, nikalia na moshi, na ile chumvi niliiogopa kama nyoka, nikatia chembe chache kwa ncha ya vidole. Tukakaa, wakala. Nikauliza kikoje.

"Kitamu sana, mkwe," akasema Mzee Kasiani, anatafuna kama anatafuna karatasi.

"Kitamu," akasema Fortunata.

Mama mkwe akatutazama sisi sote, mmoja mmoja, akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kopo la chumvi akaliweka katikati ya mkeka. Mikono sita ikaligombania, wa kwanza ukiwa wangu.

Tangu siku hiyo nimeapa kutosema naijua kwa kitu ambacho sijasoma kimeandikwa nini, na nimeapa pia kutokusubiri kopo la aina yoyote ndipo niseme lililo moyoni. Juzi Deo ametuma ujumbe kwamba kiangazi hiki anataka kuniletea bia ya ngano yenye kilevi cha kweli, nione tofauti. Nimemjibu asihangaike, nikiwa na neno na mama mkwe, namba yake ninayo, na jana tu nimempigia tukaongea nusu saa.