Attracta Gaughan na Upepo wa Kusini-Magharibi

Attracta Gaughan alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee pale mjini kwetu, pembe ya magharibi kabisa ya Ireland, na alikuwa ameshavuka miaka hamsini alipoamua kujifunza kuteleza baharini kwa tiara, kusimama juu ya ubao huku tiara kubwa ikimkokota. Mimi nilikuwa namenya viazi pamoja naye jikoni, kwa hiyo nilizisikia habari hizo kabla ya mumewe. Nilidhani anatania. Alikuwa na mabega mapana ya kubebea masufuria, magoti mabovu na hasira za karibu.

Ufuo ulio nyuma ya nyumba yao ulikuwa ukijaa wageni kila kiangazi, watu wa Dublin na Wajerumani wenye magari ya kulala ndani. Walikuja kuufurahia upepo ambao sisi tuliulaani kwa kung'oa mabati. Attracta aliniambia upepo ule ulishabomoa banda la baba yake mara mbili, na umefika wakati na yeye aufaidi.

Alifundishwa na Fergal Lavelle, mvuvi aliyeacha nyavu akafungua shule ya mchezo huo ndani ya kontena. Kuirusha tiara alijua upesi. Kusimama juu ya ubao kulimchukua kiangazi kizima. Kilichomshinda ni kupiga bisho, yaani kuteleza kwa kuukata upepo hadi urudi pale ulipoanzia. Asiyeweza hilo husukumwa, kila akigeuka yuko chini zaidi, yaani upande unakokwenda upepo, mpaka ufuo unamwishia. Hapo hana budi ashuke, akunje tiara na arudi kwa miguu.

Attracta alirudi kwa miguu kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tatu. Njia ya mkato ilipita katikati ya shamba la mzee Tadhg Barrett, na ng'ombe walishamzoea, hawakuinua tena vichwa.

"Binti Gaughan," Barrett alikuwa akimwambia, ameegemea geti lake, "mbona kila siku nakuona unarudi tu? Huwa unaenda saa ngapi?"

Mumewe, Colman, fundi wa matrekta, hakuwa na huruma zaidi. "Wenzako wanavuka bahari, mke wangu. Wewe unavuka shamba la Barrett."

Siku za mwanzo alicheka nao. Baadaye aliacha.

Tena upepo na zamu zetu havikupatana hata kidogo. Akiwa kazini, miti ya nyuma ya jiko ililala chini na supu ikamwungulia kwa kuchungulia dirishani. Akipata mapumziko, bahari ilitulia kama maziwa kwenye bakuli. Alimwendea msimamizi wetu, Bi Heneghan, akamwomba abadilishiwe siku kulingana na utabiri wa hali ya hewa. Bi Heneghan alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Attracta, nikianza kutoa ruhusa kwa sababu ya upepo, hapa kwetu hakuna atakayekuja kazini."

Mwisho wa Septemba ikatokea Jumamosi moja ambayo sote wawili tulikuwa huru, na upepo ukavuma kutoka kusini-magharibi, umejaa, hauna mapigo. Nilikwenda naye ili nimshikie tiara aiinue. Fergal hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amemwachia Attracta maneno machache tu: usiutazame ubao, tazama unakotaka kwenda, na ukae nyuma kama uko kitini.

Mara ya kwanza alirudi chini yangu, kama kawaida yake. Akageuka, akaenda tena mbali, nikaona mgongo wake umelala nyuma na kichwa kimegeukia upande wa upepo. Aliporudi, alipita mbele yangu kabisa, hata juu yangu kidogo, upande unakotoka upepo. Nilipunga mikono yote miwili. Hakupunga, aliogopa kuachia. Akageuza kwenda tena ili ahakikishe.

Basi wakati huohuo kulikuwa na kijana mmoja wa Dublin, jina lake Cathal, ambaye ndiye mwingine pekee majini. Kabla hajaingia nilimwonya asipite mwamba wa upande wa kaskazini, maana maji yalikuwa yakitoka na mkondo pale huvuta kwenda nje. Alinijibu kwa adabu kwamba ameshateleza Brazil na Afrika Kusini. Sasa nikaona tiara yake imeanguka ng'ambo ya mwamba, kamba zimemzunguka, na kichwa chake kinazidi kuwa kidogo.

Nilipiga simu ya waokoaji. Wakasema boti inatoka, lakini gati yao iko upande wa pili wa ghuba. Attracta alikuwa ameshamwona. Alinitazama mimi, akamtazama yule kijana, na hata kwa mbali nilijua kutoka kwa mabega yake kwamba anatukana. Kisha akaiacha njia aliyoitafuta miaka mitatu, akashuka na upepo.

Kumfikia hakukumsumbua, upepo ulimpeleka wenyewe. Kazi ilikuwa kumtoa. Alimwamuru aifungue tiara yake aiache iende, akamshikisha mkanda wake wa kiunoni kwa nyuma, akautupa ubao, na tiara ya mpishi ikawakokota wote wawili kifudifudi mpaka kwenye kokoto nyuma ya mwamba. Nilipofika na gari niliwakuta wameketi. Midomo ya kijana ilikuwa ya bluu. Alimshukuru, kwa kweli alimshukuru vizuri, halafu akauliza kama boti ya waokoaji ingeweza kumtafutia ubao wake, maana ulikuwa mpya.

"Ubao wako unaelekea Iceland," Attracta akamwambia. "Na wangu uko nao. Kaa kimya kidogo."

Tuliporudi ufuoni upepo ulikuwa umekufa.

Jumapili padri alimtaja kanisani. Colman alizunguka baa nzima akisimulia, na safari hii hakuna utani. Cathal alituma boksi la chokoleti kazini kwetu, wazee wakalimaliza kabla Attracta hajaliona. Yeye alikuwa jikoni akibamiza vifuniko.

"Noreen, nilirudi mahali pangu. Uliniona?"

"Nilikuona. Hata ulinipita."

"Nani mwingine aliniona?"

Nikachukua kiazi kingine, nikamenya.

"Watu wote wananisifu kwa kushuka na upepo," akasema. "Miaka mitatu nashuka na upepo, hakuna aliyenisifu."

Fergal alimwazima ubao wa zamani, mzito, mkubwa kuliko aliouzoea. Oktoba yote upepo ulikuwa wa dhoruba au haukuwepo. Novemba mimi naye tulibadilishana zamu na wenzetu, na Colman akaja kusimama nami mchangani, amefunga kofia ya koti mpaka puani. Nadhani alitaka na yeye awe shahidi. Attracta alikwenda na kurudi, akatokea chini yetu. Mara ya pili akatokea chini kidogo tu, mahali ambapo mtu angeweza kumrushia mpira akaudaka. Mara ya tatu vidole vilimfa ganzi, akaanguka, na tukaingia majini kumvuta.

"Ilikuwa karibu sana, mpenzi," Colman akamwambia.

"Usiniambie karibu."

Garini alitetemeka, akaikataa supu niliyompikia. Aliuliza zamu za wiki inayofuata zimekaaje. Nikamwambia sote tuko kazini mpaka Jumamosi, na utabiri wa Jumamosi ni utulivu. Akaukodolea macho mchanga uliokuwa ukikimbizwa na upepo mzuri kabisa, akatamka neno ambalo siwezi kuliandika hapa.